Kopo Namba Tatu: Kulilinganisha, Kulibadilisha au Kuachana Nalo

Mtoto akitimiza mwaka, wazazi wengi wa mjini hufanya jambo moja bila kujiuliza. Huingia famasi, huyapita makopo ya maziwa ya unga ya namba moja na namba mbili waliyozoea kununua, na kushika namba tatu. Namba zenyewe ndizo zinazowaongoza: tatu hufuata mbili kama darasa la tatu linavyofuata la pili, na kubaki nyuma huonekana kama kumnyima mtoto haki yake. Kopo lina orodha ndefu ya vitamini na picha inayofanana na ile ya kopo la kwanza kabisa, lile la siku za uchanga. Kisha linaisha kabla ya wiki kwisha, na safari ya famasi inaanza upya.

Mwongozo huu ni wa mzazi huyo. Unahusu mtoto mwenye afya, wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ana kanuni zake, na zimeelezwa kwenye kisanduku chake hapa chini. Mwenye mtoto wa umri huo asome kisanduku hicho kabla ya kugusa chochote.

KWA NINI NAMBA TATU SI LAZIMA

Mzazi anayedhani kwamba kopo hilo ni sharti la kitabibu atakwenda kutafuta kopo la bei nafuu. Anayejua kwamba ni hiari ana njia nyingi zaidi za kuokoa pesa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua wataalamu wanasema nini.

Habari hii si mpya. Mwaka 1986 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka kwamba maziwa maalumu ya "kufuatia", yaani yanayokuja baada ya yale ya wachanga, ambayo wakati huo yalikuwa ndiyo kwanza yanaingizwa katika baadhi ya nchi, hayakuwa ya lazima. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilichunguza maziwa ya watoto wadogo na kukuta kwamba hayana kazi ya pekee ambayo chakula cha kawaida hakiwezi kuifanya. Mwaka 2023 madaktari wa watoto wa Marekani walisema hivyo hivyo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 na kulimaliza jambo kwa maneno machache: mtoto wa miezi 12 hadi 23 asiyenyonya apewe maziwa ya mnyama, na maziwa ya kopo ya kufuatia hayapendekezwi.

Sababu ni rahisi kueleweka. Mtoto mchanga hana chakula kingine, hivyo maziwa yake yanapaswa kubeba kila kitu. Akitimiza mwaka, figo na utumbo wake vimekomaa, ameshaota meno kadhaa, na anakula ugali, wali, ndizi na maharage pamoja na wenzake. Maziwa yanabaki kuwa chakula kimoja kati ya vingi. Madini ya chuma yaliyoandikwa kwenye kopo yamo kwenye maini, dagaa na nyama. Vitamini A imo kwenye mchicha, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na karoti, na Tanzania watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini hiyo bure mara mbili kwa mwaka. Unga wa ngano na mafuta ya kupikia vya viwanda vikubwa huongezwa virutubishi kwa mujibu wa kanuni. Mzazi analipia kwenye kopo vitu ambavyo, kwa sehemu kubwa, vimo tayari jikoni mwake.

Kama mama bado ananyonyesha, basi hahitaji kununua maziwa yoyote ili kuziba pengo. WHO inashauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili na zaidi, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania inafundisha hilo hilo kliniki. Mtoto wa mwaka na nusu anayenyonya asubuhi na usiku, na anayekula vizuri mchana, ameshapata sehemu yake.

Kwa nini basi namba tatu imejaa madukani? Jibu moja lipo kwenye sheria. Mwaka 1981 dunia ilipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012. Palipozuiwa kutangaza maziwa ya wachanga, kopo la watoto wakubwa lilivikwa nguo zile zile: rangi ile, jina lile, maandishi yale, tofauti ikiwa namba tu. Kulitangaza moja ni kuyatangaza yote. Ndiyo maana mwaka 2016 WHO iliweka wazi kwamba maziwa yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi miezi 36 yahesabiwe pia kuwa bidhaa mbadala wa maziwa ya mama.

Kuna pia suala la sukari. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi na mtandao wa IBFAN walitoa ripoti iliyosema kwamba bidhaa nyingi za watoto za Nestlé zinazouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilikuwa na sukari ya kuongezwa, ilhali bidhaa za aina hiyo zinazouzwa Uswisi hazikuwa nayo. Mzazi wa Temeke au Kisumu hawezi kusubiri viwanda vijirekebishe, lakini anaweza kusoma kibandiko, na namna ya kukisoma inakuja.

NANI ASIBADILISHE BILA DAKTARI

Kabla ya hesabu, simama hapa kwanza. Usibadilishe wala kuacha maziwa ya kopo kwa uamuzi wako mwenyewe ikiwa mtoto:

– ameandikiwa maziwa maalumu na daktari kwa sababu ya mzio wa maziwa ya ng'ombe, ugonjwa wa figo, moyo, utumbo au ugonjwa mwingine wa kudumu;
– alizaliwa njiti na bado anafuatiliwa kliniki;
– uzito wake umesimama au umeshuka kwenye kadi ya kliniki;
– anatibiwa utapiamlo. Huyu ana vyakula vyake vya tiba, na kopo la dukani si mbadala wa vyakula hivyo.

Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asihamishiwe maziwa ya mbuzi kwa kudhani ni salama. Protini zake zinakaribiana sana, na anayedhurika na moja mara nyingi hudhurika na nyingine.

HESABU YA GLASI

Bei iliyobandikwa kwenye rafu haisemi kitu mpaka igawanywe. Makopo yana uzito tofauti: gramu 350, 400, 800, 900. Mzazi anayelinganisha kopo na kopo kwa macho analinganisha vitu visivyolingana.

Glasi ya mililita 200 ya maziwa ya namba tatu huhitaji gramu 30 hadi 36 za unga, kutegemea aina. Chukua 35. Kopo la gramu 400 linatoa glasi 11 tu. Mtoto anayekunywa glasi mbili kwa siku anamaliza kopo kabla ya siku ya sita kwisha. Kwa mwezi atakunywa glasi 60, yaani kilo 2 na gramu 100 za unga, makopo matano na kitu. Glasi hizo hizo 60 kwa maziwa ya kawaida ni lita 12.

KISANDUKU: FANYA HESABU YAKO

Bei hizi ni za mfano. Weka za duka lako.

1. Bei kwa gramu 100 = bei ya kopo ÷ uzito wa kopo × 100. Kopo la gramu 400 likiuzwa shilingi 28,000, gramu 100 ni shilingi 7,000. Kopo la gramu 900 likiuzwa shilingi 58,500, gramu 100 ni shilingi 6,500.
2. Gharama ya mwezi = bei kwa gramu 100 × 21. Kopo dogo: shilingi 147,000. Kopo kubwa: shilingi 136,500. Umeokoa shilingi 10,500.
3. Maziwa ya kawaida kwa mwezi = bei ya lita × 12. Lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 36,000. Umeokoa zaidi ya shilingi 100,000.

Tazama tofauti ya hatua ya pili na ya tatu. Kuzunguka famasi nne kutafuta kopo la bei nafuu kunaokoa pesa ya kula. Kuacha kopo kunaokoa pesa ya kodi ya nyumba. Sehemu ya pesa hiyo irudi kwenye sahani ya mtoto: yai, samaki, parachichi, maharage. Hapo ndipo mtoto anapofaidika, kwa sababu mtoto anayeshiba maziwa hali chakula.

UKIACHA KOPO, MPE NINI?

Chaguo si moja, na inategemea unaishi wapi.

Maziwa ya pakiti au ya chupa yaliyosindikwa, kama ya Tanga Fresh au Asas kwa Tanzania, au ya Brookside na New KCC kwa Kenya, yameshauliwa vijidudu kiwandani. Chagua yasiyoondolewa mafuta, kwani mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta hayo. Yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji yanafaa kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika. Boksi likishafunguliwa, linahitaji friji kama maziwa mengine. Kwa nyumba isiyo na friji, nunua boksi dogo linaloisha kwa mara moja, hata kama bei kwa lita ni ya juu kidogo. Lita inayochacha jioni si nafuu.

Maziwa ya mfugaji, yanayopitishwa asubuhi kwa baiskeli au pikipiki, mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko yote, na hayana kasoro maadamu yamechemshwa. Yachemshe mpaka yapande, punguza moto, koroga, yaache yachemke tena kidogo, kisha funika. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo humshika na binadamu, na kifua kikuu cha ng'ombe. Neno la muuzaji kwamba ng'ombe wake wamechanjwa halitoshi kuacha kuchemsha. Nunua kwa mtu mmoja unayemjua, na ukiona maziwa yamekuwa mepesi, muulize. Kuongeza maji ni hila ya zamani, na maji hayo hayajulikani yametoka wapi.

Mtindi, au mala kwa Wakenya, ni chaguo linalosahaulika. Bakuli la mtindi usio na sukari linachukua nafasi ya glasi ya maziwa, na tumbo la mtoto hulipokea vizuri. Mtindi wa matunda wenye rangi na sukari hauingii kwenye hesabu hii.

Maziwa ya unga ya kawaida, yasiyoondolewa mafuta, yanafaa pia kwa mtoto aliyezidi mwaka, na mara nyingi ni ya bei ya chini kuliko namba tatu. Lakini geuza kopo usome. Kuna unga unaokaa rafu hiyo hiyo ambao si maziwa kamili, uliotengenezwa kwa maziwa kidogo, mafuta ya mawese na sukari, na ule wa kulainisha chai ambao karibu si maziwa kabisa. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yale ya kupaka mkate, hayafai kuwa kinywaji cha mtoto hata yakizimuliwa.

Kiasi? Nusu lita kwa siku inatosha. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa upendo: mtoto anayekataa ugali hupewa chupa nyingine ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na yakizidi yanafukuza vyakula vyenye chuma. Mtoto mnene, anayekunywa lita nzima kwa siku, anaweza kukutwa na upungufu wa damu, na wazazi wakashangaa. Mpe dagaa wa kusaga na kuchekecha, kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki, nyama ya kusaga, maharage, na tunda kama chungwa au embe pamoja na chakula ili chuma cha mboga kifyonzwe. Chai, ya maziwa au ya rangi, inazuia ufyonzaji huo. Mtoto wa umri huu haihitaji.

KUHAMA HATUA KWA HATUA

Tumbo la mtoto mwenye afya aliyezidi mwaka linaweza kuhama kwa siku moja. Kinachogoma ni ulimi. Namba tatu nyingi zina utamu wa vanila au sukari, na maziwa ya ng'ombe yana ladha yake. Wiki moja ya kuhama polepole huokoa vilio na maziwa ya kumwaga.

1. Pima uzito kliniki na uandike tarehe. Utahitaji namba hiyo baadaye.

2. Chagua wiki tulivu. Isiwe wiki ya homa, ya kuharisha, ya safari, wala ile dada mpya wa kazi anayoanza.

3. Waambie wote wanaomlisha mtoto. Bibi, shangazi, dada wa kazi, walimu wa kituo cha kulelea watoto: kila mmoja ajue mpango. Bandika karatasi ukutani jikoni. Mipango mingi huvunjika kwa sababu mama alianza Jumatatu na bibi akarudisha kopo Jumatano.

4. Changanya maziwa kwa maziwa, si unga kwa maziwa. Tengeneza maziwa ya kopo kwa maji kama kibandiko kinavyoelekeza, kisha uyachanganye na maziwa ya kawaida yaliyochemshwa na kupoa. Kumwaga unga wa kopo ndani ya maziwa ya ng'ombe kunatengeneza kinywaji kizito mno kwa figo za mtoto.

5. Fuata ngazi hizi. Siku ya 1 na 2: robo ya glasi maziwa ya kawaida, robo tatu ya kopo. Siku ya 3 na 4: nusu kwa nusu. Siku ya 5 na 6: robo tatu ya kawaida. Siku ya 7: yote ya kawaida. Mtoto akikunja uso, rudi ngazi moja kwa siku mbili.

6. Hamia kikombe wakati huo huo. Mtoto wa mwaka anaweza kunywa kwa kikombe, na hapo unaokoa gharama ya chupa na chuchu. Chupa ya kulalia nayo inaoza meno, hata ikiwa na maziwa matupu. Ndiyo ngumu kuliko zote kuiacha. Ianze kupungua kwa kuweka maziwa kidogo kidogo, kisha maji.

7. Mpe chakula kwanza, maziwa baadaye. Ukianza na maziwa, sahani itarudi ilivyo.

8. Rudi kliniki baada ya mwezi. Uzito ukiendelea kupanda kwenye mstari wake, mtoto amehama salama.

Mtoto akikataa kabisa, usiongeze sukari wala asali. Mpe mtindi, au mpikie uji kwa maziwa, au ponda viazi kwa maziwa. Mtoto anayekula vizuri hatapungukiwa na kitu kwa kukosa glasi ya maziwa siku tatu.

Choo kinaweza kubadilika rangi au kuwa kigumu kidogo wiki ya kwanza. Maji, papai na chungwa husaidia. Lakini vipele vinavyotokea ndani ya saa mbili baada ya kunywa, midomo au uso kuvimba, kutapika tena na tena, damu kwenye choo, au kupumua kwa shida, si mambo ya kungojea. Acha maziwa hayo na umpeleke mtoto hospitali. Akishindwa kupumua, nenda saa hiyo hiyo.

Akiharisha katikati ya kuhama, usiseme haraka kwamba ni maziwa. Mara nyingi ni maji au mikono isiyonawiwa. Simamisha mabadiliko, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, endelea kumlisha, na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki.

UKIBAKI NA KOPO

Wapo watakaobaki nalo, kwa sababu zao: maziwa ya ng'ombe hayapatikani mtaani, au mtoto ni mchaguzi sana wa chakula na daktari ameshauri aendelee kwa muda. Hapo kuokoa kunategemea kusoma kibandiko na kutunza unga.

Viungo huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kopo zuri huanza na maziwa. Kama sukrozi, maltodekstrini, sharubati ya glukosi au asali vimo katika viungo vitatu vya mwanzo, unalipia utamu. Laktosi ni sukari ya asili ya maziwa na haina shida. Maneno ya mbele ya kopo kuhusu akili, kinga na urefu hayana uzito; pitisha macho yako nyuma.

Ukibadilisha kampuni, tupa kijiko cha zamani. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, na linafanywa na watu makini. Vijiko havilingani. Kuna makopo, hasa ya Ulaya, yanayotaka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, na kuna ya Marekani yanayotaka kijiko kimoja kwa mililita 60. Ukitumia kipimo cha moja kwenye lingine, unampa mtoto maziwa ya nguvu nusu au mara mbili. Kopo lililoletwa na ndugu kutoka Dubai au London lisome upya kuanzia mstari wa kwanza.

Kopo kubwa si nafuu kila mara. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, unga uliofunguliwa huanza kushikana mabonge. Makopo mengi huelekeza unga utumike ndani ya wiki 4 hivi baada ya kufunguliwa. Mtoto wa glasi mbili kwa siku anamaliza gramu 900 kwa siku 13, hivyo kopo kubwa linamfaa. Wa glasi moja anazimaliza kwa siku 26, ukingoni kabisa; kopo dogo ni salama zaidi kwake. Weka kopo kabatini, mbali na jiko, mfuniko ukibana na kijiko kikiwa kikavu. Usiliweke kwenye friji: kila likitolewa, jasho la baridi huingia ndani.

Unga wa maziwa si kitu kisicho na vijidudu. WHO inashauri maji yaliyochemka yasipoe chini ya nyuzi 70 wakati wa kuchanganya na unga, yaani yasikae zaidi ya dakika 30 baada ya kuchemka, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Kilichokaa saa mbili bila kunywewa kimwagwe. Tengeneza kidogo, ongeza akitaka; maziwa yanayobaki kwenye kikombe kila siku ni kopo zima kwa miezi michache.

KISANDUKU: MTOTO WA CHINI YA MWAKA MMOJA

– Chini ya miezi 6, asiyenyonya anapaswa kupewa maziwa ya kopo ya namba moja tu. Si namba tatu, si maziwa ya unga ya kawaida, si ya ng'ombe.
– Namba moja inafaa mwaka mzima wa kwanza. Si lazima kuhamia namba mbili mtoto akifika miezi 6.
– Kopo la bei ya chini la namba moja, likiwa halali sokoni, linapaswa kukidhi viwango vile vile vya lishe. Februari 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilieleza kwamba mzazi wa huko angeweza kuokoa takriban pauni 300 kwa mwaka kwa kuhama kutoka kampuni maarufu kwenda ya bei nafuu.
– Kuanzia miezi 6 hadi 11, WHO inaruhusu maziwa ya kopo au ya mnyama, lakini chuma lazima kitoke kwenye chakula. Uamuzi huu ufanye pamoja na mhudumu wa kliniki.
– Usiongeze maji ili kopo lidumu. Mtoto atashiba maji, atakonda, na chumvi ya mwili wake inaweza kushuka hadi akapata degedege.

MAKOSA YANAYOGHARIMU

Kununua unga wa kupima. Dukani kwa Mangi wa mtaani unga hufungwa kwenye vifuko vya bei ndogo, na kwa mwenye kipato cha siku kwa siku kishawishi kinaeleweka. Lakini hakuna tarehe, hakuna jina, hakuna kipimo cha maji, na kijiko kilichotumika hakijulikani kimegusa nini. Kwa gramu, mara nyingi ni ghali kuliko kopo. Pesa hiyo hiyo inanunua nusu lita ya maziwa ya kweli.

Kukimbilia punguzo bila kuangalia tarehe. Kopo linalokwisha muda mwezi ujao ni nafuu ikiwa litaisha kabla. Makopo matatu si nafuu tena.

Kubadilisha kila wiki. Mtoto akipata gesi, kopo linabadilishwa; akikosa usingizi, linabadilishwa tena. Kila kopo lililoachwa nusu ni pesa juu ya kabati. Toa siku saba kabla ya kuhukumu, isipokuwa dalili za hatari zimetokea.

Kumpa mdogo kopo la mkubwa. Nyumba yenye watoto wawili ipange makopo rafu tofauti, kwa kuwa yanafanana kwa makusudi.

KABLA HUJALIPA

□ Mtoto amezidi mwaka? Bado ananyonya?
□ Nimegawanya bei kwa gramu 100, na nimelinganisha na lita 12 za maziwa?
□ Tarehe ya mwisho iko mbali na siku nitakayomaliza?
□ Kopo halijabonyea wala kufura, na kifuniko cha ndani hakijaguswa?
□ Kuna alama ya TBS au, kwa Kenya, ya KEBS?
□ Kibandiko kiko katika lugha ninayoisoma, na kipimo cha kijiko na maji kimeandikwa wazi?
□ Sukari haimo katika viungo vitatu vya mwanzo?
□ Ninajua kijiko hiki ni cha kopo hili?
□ Kadi ya kliniki imo kwenye mkoba, na tarehe ya kumpima tena imeandikwa?